Shaba Inapimwa, Fisi Anakisiwa

Hapa Kolwezi kila lori linalotoka mgodini hupita juu ya mizani. Shaba inapimwa, kobalti inapimwa, hata tope linalobaki baada ya kusafisha mawe linaandikwa mahali. Nchi yetu ya Congo sasa hutoa zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba kwa mwaka, pamoja na kobalti nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na sehemu kubwa ya mzigo huo hutoka mkoa wetu wa Lualaba. Ukiuliza tani, utapewa tarakimu. Sasa uliza kama chui bado yumo mabondeni chini ya bwawa la Nzilo, au fisi wangapi wamebaki kati ya mji na Lubudi. Mmoja atakwambia wamejaa tele, mwenzake aliyekaa naye benchi moja atakwambia waliisha zamani za Wabelgiji, na wote wawili wataapa.

Kazi yangu imekuwa kutafuta jibu la swali hilo la pili. Mimi ni mtoto wa komini ya Manika. Baba alikula mshahara wa mgodi, nami nikasomeshwa kwa mshahara huo huo mpaka nikafika kwenye biolojia. Vijana wakisikia kwamba nafuatilia wanyama walao nyama, huwaza simba, bunduki na gari kubwa. Kumbe siku nyingi za kazi hii hupita bila kumwona mnyama mwenyewe. Katika nchi iliyowindwa sana, chui, fisi, mondo na bweha wamejifunza kutembea usiku, kukwepa njia za watu na kunyamaza. Anayetaka kuwajua hana budi kujifunza kutokana na vitu wanavyoviacha nyuma: wayo, kinyesi, unywele, mfupa uliotafunwa, na maneno ya watu wanaoishi jirani nao.

Mwalimu wangu wa kwanza porini hakuwa na diploma. Alikuwa mzee wa upande wa Lubudi, mwindaji wa zamani ambaye magoti yalimstaafisha. Aliniita "mama", kama akina baba wa kwetu wanavyowaita binti zao, nami nilimwita papa. Nilipochuchumaa kwenye wayo kwa mara ya kwanza, rula mkononi, alinishika bega. "Mama, uliza kwanza udongo, halafu ndiyo uulize mguu." Mchanga mkavu humkuza mnyama, tope humpanua, na udongo mgumu humfanya mzima aonekane mtoto. Wayo wenye vishimo vya matone ulikanyagwa kabla ya mvua. Usio navyo ulikanyagwa baada yake. Ukiona mstari mwembamba wa mdudu umekatiza juu ya wayo, mnyama alipita kabla ya wadudu wa usiku kuanza safari zao.

Baada ya udongo ndipo alipofika kwenye mguu. Chui huficha kucha anapotembea, kwa hiyo wayo wake ni wa mviringo, hauna alama za kucha, na kisigino chake kwa nyuma kina mawimbi matatu. Fisi huacha kucha butu mbele ya vidole, na mguu wake wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma, maana uzito wake umekaa shingoni na mabegani. Duma ni jamii ya paka, lakini kucha zake huonekana kwa kuwa hazifichiki kabisa. Wayo wa mondo una umbo la wa chui, ila unaingia wote kwenye kiganja cha mtoto. Mzee alinifundisha haya bila kuandika hata neno moja, na alikuwa akinisahihisha kwa kucheka.

Somo la udongo limenifaa kuliko vitabu vingi. Kabla ya kuamini ushahidi, pima kwanza kilichoubeba. Leo nikipewa ripoti ya wanyama wa eneo fulani, nauliza ilifanywa majira gani, nani aliilipia, na watafiti walikaa siku ngapi. Ripoti iliyofanywa mwezi wa nane, moto wa kiangazi ukiwa umeshafagia nyasi na mito midogo imekauka, haiwezi kusema sawa na ya mwezi wa pili, nyasi zikiwa zimempita mtu kimo.

Sehemu ya pili ya kazi haisimuliwi mezani. Kinyesi cha fisi kikikauka huwa cheupe pe, kwa sababu ya mifupa anayoisaga na kuimeza. Fungo huenda haja mahali pamoja usiku baada ya usiku, na rundo lake hujaa mbegu za matunda ya porini na vipande vya majongoo ambao wanyama wengi hawawagusi. Tunaokota kwa glavu, tunaandika mahali na tarehe, tunakausha kwenye joto kali ili kuua mayai ya minyoo, kisha tunaosha juu ya chujio mpaka zibaki nywele, meno na vipande vya mifupa. Nilikuwa nikifanya uoshaji huo kwenye bomba la uani, na jirani yangu mmoja hakuweza kujizuia: "Mama, ulisomaka miaka yote ile juu ya kufula mavi?" Nilimwambia ndiyo, akaenda kuwaita wenzake waje kuona.

Unywele haumeng'enywi tumboni. Kila aina ya mnyama ina magamba yake madogo juu ya unywele, na mpangilio wake wa ndani. Ili kuyaona, si lazima uwe na maabara ya Ulaya. Unapaka verni ya kucha, ile angavu, kwenye kioo kidogo cha darubini, unalaza unywele juu yake, unasubiri ikauke, kisha unaung'oa. Chapa ya magamba inabaki kwenye verni, nayo ukiiweka chini ya darubini unaweza kutofautisha mbuzi na nsya, ndezi na panya buku. Mama anayeniuzia verni sokoni Manika alidhani kwa muda mrefu kwamba nina saluni.

Kwa njia hiyo vinyesi vya mondo vilinifundisha jambo nililolipeleka vijijini. Mondo husingiziwa kuku wote wanaopotea, na wengi huuawa kwa kosa hilo. Lakini chakula chake kikuu, hapa kwetu kama kwingine Afrika, ni panya. Nywele na meno ya panya ndiyo yaliyojaa kwenye chujio langu. Mkulima anayemwua mondo wa bondeni amewaongezea uhai panya wa mahindi yake. Maneno matupu hayakumshawishi mtu. Nilipowamwagia meno yale madogo kwenye karatasi nyeupe, wakayagusa wenyewe, mazungumzo yalibadilika.

Mbinu hii hii imetoa mojawapo ya habari tamu kuliko zote kuhusu fisi. Kaskazini mwa Ethiopia, Gidey Yirga na wenzake walichunguza nywele katika vinyesi vya fisi kabla, wakati na baada ya mfungo mrefu wa Kwaresima, ambamo Waorthodoksi hawali nyama kwa siku 55. Watu wakiacha kuchinja, mabaki ya machinjioni huadimika. Je, fisi hufunga nao? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba nywele za punda kwenye vinyesi ziliongezeka kutoka kama asilimia 15 hadi kama 33 wakati wa mfungo, kisha zikapungua tena. Fisi walikuwa wanafuata kalenda ya kanisa. Hakuna aliyewahoji, nywele ndizo zilizotoa ushahidi.

Fisi ndiye mnyama niliyelazimika kumtetea kuliko wote. Tangu utotoni tumelishwa hadithi zake: mlafi, mwoga, mjinga ambaye njia mbili zilimshinda. Hata wanasayansi walimwona mla mizoga tu, mpaka Hans Kruuk alipokwenda Serengeti na Ngorongoro mwaka 1964 na kuanza kuwafuata usiku, kwenye mbalamwezi. Aligundua kwamba fisi madoa huua wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kwamba kule Ngorongoro mara nyingi simba ndio waliokuja kuwanyang'anya. Wageni waliokuwa wakiamka asubuhi walikuta simba wamekalia mzoga na fisi wamezunguka kwa mbali, wakajumlisha vibaya. Tangu 1988 Kay Holekamp na wanafunzi wake wamefuatilia koo za fisi huko Maasai Mara kizazi kwa kizazi. Wameonyesha kwamba majike hutawala madume, na mtoto huchukua nafasi iliyo chini tu ya mama yake, hata mbele ya fisi wazima wa familia za chini. Mambo haya yasingejulikana kwa ziara ya mwezi mmoja. Tabia ya mnyama anayeishi miaka mingi humjia mtafiti anayerudi miaka mingi.

Kuhusu idadi, chombo chetu kikubwa ni kamera za kutegea, zinazopiga picha zenyewe kiumbe chenye joto kikipita mbele yake. Wanyama wenye madoa hurahisisha kazi, kwa maana hakuna chui wawili wenye madoa sawa. Na kwa kuwa ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia, kamera hufungwa mbili zikitazamana, pande zote za njia. Wazo lenyewe la kumtambua mnyama mmoja mmoja kwa alama zake lina mizizi Afrika Mashariki: mwaka 1970 Pennycuick na Rudnai walichapisha njia ya kuwatambua simba wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi kwa vidoa vilivyo kwenye mizizi ya sharubu zao. Simba hana madoa mwilini akiwa mkubwa, lakini mdomo wake una kitambulisho.

Kutoka hapo hesabu ni ya shule ya msingi. Tuseme msimu wa kwanza umepata picha za kanu 10 tofauti. Msimu wa pili umepata 8, na kati ya hao 4 ni wale wale wa mwanzo. Nusu ya uliowapata mara ya pili ulikuwa unawajua tayari. Basi wale 10 wa kwanza walikuwa kama nusu ya wote, na eneo lina kanu wapatao 20. Hesabu halisi ina masharti mengi zaidi, ya vifo, uhamiaji na wanyama wanaoogopa kamera, lakini kiini chake ndicho hicho. Kwa hiyo hesabu ya mara moja ni picha tu. Ikirudiwa ndipo inapoanza kuwa elimu.

Mnyama aliyepigwa picha nyingi kuliko wote na kamera zetu ni binadamu. Wachimbaji wadogo wakiwa na mifuko ya mawe mgongoni saa nane za usiku, vijana wakisukuma baiskeli zenye magunia ya makala, akina mama wakitoka kuokota uyoga wa masika. Jambo hili halimo kwenye vitabu nilivyosomea, nalo ndilo lililoamua kama kazi itaendelea au itakufa. Siku moja mtu wa ulinzi wa kampuni fulani alinijia kwa upole, akiomba "kuangalia tu" picha za usiku. Nilikataa. Kuanzia hapo tuliweka utaratibu: kila picha ya mtu inafutwa siku kadi inapotolewa, mbele ya mtu aliyetumwa na chifu wa kijiji, na kwenye kila mti wenye kamera tunafunga kibao chenye mchoro wa chui na maneno machache ya Kiswahili kueleza kifaa kinafanya nini. Wizi wa kamera ulipungua, na moja iliyokuwa imechukuliwa ilirudi imefungwa kwenye mfuko wa unga, pamoja na kadi yake. Mtafiti anayepeleleza watu hatapata wanyama, kwa sababu wanaojua wanyama walipo ni hao hao watu.

Soko nalo ni darasa. Kuna akina mama wa nyama ya pori ambao wanaweza kukutajia, kwa kutazama jinsi nyama ilivyokaushwa, imetoka upande gani na ni ya mnyama gani. Mmoja wao, mtu mzima mwenye ulimi mkali, alinihesabia kwa vidole namna meza yake ilivyobadilika tangu alipokuwa akimsaidia mama yake: kwanza palahala na korongo, baadaye ngiri na nsya, sasa ndezi na panya buku. "Mama, pori limefupika," alisema. Hakuna takwimu iliyonieleza mambo haraka hivyo. Wanyama wakubwa huzaa polepole, nao ndio wa kwanza kuisha. Wadogo wanaozaa haraka hubaki na kujaza meza. Chui akikosa nsya na ngiri, hushuka kwenye mbuzi na mbwa wa kijiji, na mwenye mbuzi naye hutafuta sumu. Aprili 2018 katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, simba 11, wakiwemo watoto 8, walikutwa wamekufa kwa sumu. Ugomvi wa mtu na mnyama mla nyama karibu kila mara huanza mbali, pale mawindo ya mnyama yalipomalizwa.

Mitego ya waya ndiyo inayonitia hofu kuliko bunduki. Waya hauchagui. Umetegwa kwa ajili ya nsya, unamkamata fisi mguu, naye huvuta mpaka mguu unakatika. Sheria ya uwindaji ya 1982 ipo, na sheria ya uhifadhi wa mazingira asilia ya 2014 ipo, nayo ina watu wake wa kuisimamia. Mimi sokoni sichukui jina la mtu. Ninaandika aina ya nyama, ukubwa wake, upande ilikotoka na namna mnyama alivyokamatwa. Kama ningechanganya kazi ya mtafiti na ya askari, ningefunga mdomo wa soko zima kwa siku moja.

Mtu wa Lualaba akitaka kujua hasara ya kutohesabu ni nini, aende akasome habari za Upemba. Hifadhi hiyo ya taifa, ambayo sehemu yake imo kwenye mkoa wetu, ilianzishwa mwaka 1939, na mwaka 1975 ikapunguzwa mpaka kama kilomita za mraba 11,730. Kati ya 1946 na 1949 msafara wa kisayansi wa G. F. de Witte ulikusanya humo mimea na wanyama kwa wingi, na maelezo yake yalijaza vitabu vingi. Halafu ukaja ukimya mrefu: umaskini wa serikali, vita, wanamgambo wa Mai-Mai. Askari wa hifadhi waliuawa wakiwa kazini, na Desemba 2012 mkuu wa hifadhi mwenyewe aliuawa kwa kuviziwa. Huko ndiko waliko punda milia wa mwisho wa Congo. Tangu 2017 shirika la Forgotten Parks linaendesha Upemba na hifadhi jirani ya Kundelungu kwa ubia na ICCN, taasisi ya taifa ya uhifadhi, na doria pamoja na hesabu zimerudi.

Kisa kinachoniuma zaidi cha Upemba ni cha leche, swala wa mabwawa anayekimbia kwenye maji ya kina kifupi. Mwaka 2005 mwanasayansi F. P. D. Cotterill, akipima mafuvu yaliyokusanywa miongo mingi nyuma na kutunzwa kwenye makumbusho, alieleza kwamba leche wa Upemba hafanani na wale wa Zambia, akampa jina lake: Kobus anselli. Yaani mnyama wetu alitambuliwa kwenye kabati akiwa amekufa zamani, huku ndugu zake walio hai wakiendelea kuwindwa bondeni bila mtu kuwahesabu. Mwaka 2025 watafiti waliolizunguka bonde hilo kwa ndege walitangaza kwamba walimwona leche huyo mara chache mno: 10 tu kwa jumla. Pamoja na hesabu hiyo ilitoka picha ya kwanza kuchapishwa ya leche wa Upemba akiwa hai. Miaka 20 ilipita kati ya jina na picha.

Na simba je? Watu huniuliza hili kila mahali, na kila kijiji kina mtu aliyesikia ngurumo. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwenye kazi yetu lisemwalo hufuatwa kwa miguu. Lakini hata kutoona nako kuna kanuni zake. Tuseme kamera ina nafasi moja kati ya kumi ya kumnasa mnyama fulani kila usiku, ikiwa kweli yupo. Ukiiacha kwa siku 10, bado kuna uwezekano wa asilimia 35 kwamba mnyama yupo na hukumpata. Ukiiacha siku 30, uwezekano huo unashuka hadi kama asilimia 4. Kwa hiyo anayekaa wiki moja, akaondoka na kuandika kwamba eneo halina wanyama, hajaandika habari za wanyama. Ameandika habari za haraka yake. Na anayesema wapo kwa kuwa babu aliwaona, naye ameandika habari za babu. Neno "hakuna" ni zito kuliko neno "yupo". Kwa "yupo" wayo mmoja unatosha. Kwa "hakuna" unahitaji subira, kamera nyingi, majira yote mawili ya mwaka, na ujasiri wa kusema mwisho wake kwamba kweli tumempoteza.

Wapo wanaoniambia kazi hii ni anasa katika mji ambao watu wengi wanatafuta bukari ya leo. Mimi huwajibu kwa habari za mbwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi wa distempa uliua kama simba 1,000 wa Serengeti, karibu theluthi moja ya wote, na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi walihusishwa na kuenea kwake. Chanjo ya mbwa iliyofuata iliwakinga pia watu na wanyama dhidi ya kichaa cha mbwa. Kambi za wachimbaji hapa kwetu zina mbwa wengi wasio na mwenyewe wala chanjo. Hukutana na bweha usiku kwenye majalala, kisha asubuhi hucheza na watoto. Anayejua bweha wako wapi na wangapi anajua pia ugonjwa utapitia wapi. Kumhesabu mnyama ni sehemu ya kumlinda mtoto.

Sasa nije kwa wahusika. Sheria ya madini hailiachi jambo hili kwa hisani ya mtu: mwenye kibali cha kuchimba anatakiwa kufanya tathmini ya athari kwa mazingira, na ndani yake mna orodha za mimea na wanyama. Ina maana kwamba katika mkoa huu kuna kurasa nyingi mno za habari za wanyama, zilizolipiwa, zilizofanywa na watu wenye ujuzi, na zinazolala kwenye makabati. Nakala zake zikiwekwa kwenye maktaba za vyuo vikuu vya Kolwezi na Lubumbashi, wanafunzi wataanza mahali wengine walipofika. Na orodha iliyofanywa kabla ya shimo kuchimbwa irudiwe baada ya miaka mitano kwenye maeneo yale yale, miezi ile ile, kwa njia ile ile. Bila marudio hayo, tathmini ni karatasi ya kupatia kibali tu.

Vyuo navyo viwape wazee wa porini nafasi yao. Mzee aliyenifundisha nyayo hakuwahi kulipwa na chuo chochote, na wenzake wa rika lake wanapungua kila kiangazi. Kijana anayetaka kusomea wanyama wa Lualaba akae nao kwanza, ndipo anunue kamera.

Nawe msomaji, huhitaji shahada ili kusaidia. Ukikuta wayo usioujua, weka kiberiti pembeni yake kama kipimo, upige picha kutoka juu, uandike tarehe, saa na jina la mahali. Ukikuta mnyama aliyegongwa barabarani, fanya vivyo hivyo, bila kumgusa kwa mkono mtupu. Ipeleke habari hiyo kwenye idara ya biolojia au ofisi ya ICCN iliyo karibu nawe, na kama anayekusimulia ni mwindaji, usiandike jina lake. Mahali na tarehe vinatosha.